Upande wa Pili wa Santuri ya Twalibu

Twalibu yu hai. Anakaa Pearland, pembeni mwa Houston huku Marekani, mtaa wa pili kutoka kwetu, nyumbani kwa mwanawe Majaliwa. Naandika habari zake sasa, wakati bado ana nguvu za kubisha.

Nilimsomea hayo maneno ya mwanzo. Akabisha. Anasema si mtaa wa pili, ni wa tatu, ukihesabu ule wenye bwawa.

Ni Mzigua wa Korogwe, fundi cherehani. Pasipoti yake inasema alizaliwa tarehe mosi Januari, kama wazee wengi wa kwetu walioko huku. Manesi wa Houston wanamletea suruali za kazini azifupishe. Suruali za hospitali za huku zimekatwa kwa watu warefu, na manesi wetu si warefu. Anashonea gereji, mlango wazi, feni inazunguka. Chama cha wenye nyumba kiliwahi kumwandikia kuwa mtaa ule si wa biashara. Akaenda kwa mwenyekiti wao akamfupishia mapazia. Yakaisha.

Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini hakuna anayemjua kwa hiyo. Wanamjua kwa punda.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakati wa twist na gitaa la umeme, Korogwe kulikuwa na bendi ya vijana iliyoitwa Mkonge Twist. Twalibu ndiye aliyekuwa mwimbaji. Walivaa suruali za kubana alizoshona mwenyewe. Zilikuwa zinabana kweli, mpiga ngoma alipiga amesimama. Nyimbo zao karibu zote walikuwa wameiga kwa watu. Mbili tu walitunga wao.

Wakasikia Nairobi kuna Mhindi anarekodi santuri katika chumba cha nyuma ya duka lake. Wakapanda basi. Basi liliposimama Moshi, mpiga saksofoni alishuka kununua machungwa. Basi likaondoka.

Kwa hiyo walifika Nairobi bila saksofoni.

Wimbo wa kwanza haukuhitaji saksofoni. Uliitwa "Wali Umezidi". Ulikuwa wa taratibu, wa huzuni, na Twalibu aliutunga mwenyewe. Wa pili uliitwa "Punda wa Bwana Afya", habari za punda aliyekataa kuchanjwa. Huo waliutunga njiani ili upande wa pili wa santuri usikae mtupu. Katikati yake waliacha nafasi ya saksofoni. Walipofika hapo, kimya. Mhindi akawapungia mkono: jazeni, jazeni. Aliyekuwa karibu na maikrofoni ni Twalibu.

Akalia kama punda. Akalia mpaka nafasi ya saksofoni ikaisha.

Santuri zilipotoka kiwandani, lebo zilikuwa zimebandikwa kinyume. Upande wenye punda uliandikwa "Wali Umezidi". Upande wenye "Wali Umezidi" uliandikwa punda. Zilikuwa zimeshafungwa kwenye maboksi, hakuna aliyezirudisha.

Siku zile watu walikuwa wanatuma kadi redioni, wanaomba wimbo, wanataja majina ya wanaowasalimu. Mama mmoja wa Muheza alifiwa na mumewe. Mwanawe alikuwa ameusikia "Wali Umezidi" ukumbini, bendi ikipiga, akamwambia ni wimbo wa kufariji. Mama akatuma kadi. Mtangazaji akaisoma taratibu, akatoa pole kwa ukoo mzima, jina kwa jina, akaweka sindano.

Akalia punda.

Watu walicheka Tanga mpaka Tabora. Kadi zikamiminika, zote zinaomba "Wali Umezidi", na zote zilikuwa zinamtaka punda. Wachache waliogeuza santuri walimkuta mtu anaimba taratibu habari za wali. Wakaigeuza tena.

Bendi ilizunguka mikoa miwili mitatu. Kwingine walisikika redioni tu. Kila Jumamosi Twalibu alilia mpaka koo likavimba. Halafu mpiga gitaa akaajiriwa reli, mpiga ngoma akaoa, na Twalibu akarudi kwenye cherehani. Hakurekodi tena. Santuri yake aliiacha dirishani, jua likaikunja. Mkewe akaitumia kuwekea vitunguu.

Alipokuja Marekani kwa mwanawe alidhani punda amebaki Korogwe. Lakini huku kuna watu wa umri wetu, na wana watoto waliowasimulia. Kila harusi, kila ubatizo, kila sikukuu, mtu anashika kipaza sauti: "Tunaye mzee wetu hapa!" Twalibu anainuka, analia, anakaa. Chakula kinaendelea.

Sasa nimlete mke wangu.

Mimi na Melania tulikuja Pearland kulea watoto wa binti yetu Ndeshi, ambaye ni nesi. Melania alikuwa Mnyamwezi. Wazazi wake walikwenda Korogwe kukata mkonge, na mimi nilikuwa karakana ya shamba lilelile. Huko hatukuwahi kuonana na Twalibu. Tulimpata huku, kwenye kipaimara cha mjukuu wetu. Ndeshi alikuwa amewaalika Watanzania wa karibu. Melania alikuwa jikoni. Akasikia mtu anakohoa sebuleni.

"Nani huyo anayekohoa kama punda wa redioni?"

Ndeshi akamwambia, "Mama, ndiye yeye."

Melania akatoka na mwiko mkononi. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, tangu enzi za misafara ya wapagazi, na utani wao hauna breki. Twalibu, aliyekuwa ameshaambiwa kabila lake, akamwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Mnyamwezi! Huku nako umekuja kumbebea nani mzigo?"

"Wewe," akasema Melania. "Nimeambiwa kuna punda kazeeka, mizigo yake imebaki njiani."

Tangu siku hiyo Twalibu aliingia jikoni kwetu bila kubisha hodi. Alifunua sufuria, akachagua nyama, akafunika. Mtani ana haki hiyo. Mimi mume nilikuwa nasubiri mezani.

Melania alifariki Machi 2018. Mwili uliagwa katika nyumba ya maziko ya hapa Pearland. Kulikuwa na zulia, na mhudumu mwenye suti anayeongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Watu walikaa kimya, kimya cha Kizungu. Hakuna aliyejua afanye nini. Twalibu akainuka kutoka nyuma, na kofia yake ya kiua, akaenda mpaka kwenye jeneza.

"Mnyamwezi," akasema. "Umelala? Na mizigo hii yote nani abebe?"

Akangoja kidogo. Halafu akalia kama punda.

Mhudumu akaja mbio juu ya zulia. Ndeshi akamweleza kwa Kiingereza kuwa ni mila zetu, huyu ni mtani wa marehemu. Mhudumu akauliza kama itatokea tena. Ndeshi akamtazama Twalibu.

"Mwambie imetosha," akasema Twalibu.

Padri alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika. Mimi nilicheka. Sikujua kama ningecheka siku hiyo. Ni mara pekee niliyomwona Twalibu akilia punda bila kuombwa.

Baada ya hapo ilibidi nijue kupika. Wajukuu wamekwenda vyuoni, Ndeshi anakula kazini, mumewe anakula anavyotaka. Wali ulikuwa wa sisi wazee wawili tu, mimi na Melania. Nilipika nilivyokuwa namwona anapika, nikapima kwa kikombe chake. Ndeshi akaninunulia sufuria ndogo. Iko kabatini.

Siku moja nilibeba sahani mpaka gereji ya Twalibu. Nikasimama mlangoni.

"Wali umezidi," nikamwambia.

Sikuwa nimefikiria maneno. Twalibu akaondoa mguu kwenye cherehani. Akainuka, akanawa mikono, akala wote. Alipomaliza ndipo akaniambia wimbo ule ulitoka wapi.

Alipokuwa kijana alipanga chumba Korogwe kwa mzee mmoja. Mzee yule akafiwa na mkewe. Kila jioni alipika wali wa watu wawili, akala wake, halafu akabisha kwa Twalibu na sahani. "Kijana, wali umezidi." Miezi mingi. Twalibu alikuwa hajui hata kuwasha jiko. Akala, akatunga wimbo.

"Nilikuwa nakula msiba wa mtu," akaniambia. "Nikishiba nalala."

"Na wimbo wenyewe unakwendaje?"

Akaniimbia beti mbili. Wa tatu ulikuwa umempotea. Alijaribu kuuvuta, akaukosa, akapiga goti lake kwa ngumi.

"Nataka wausikie," akasema. "Mara moja tu, kabla sijaondoka. Wakiukataa sawa, lakini waukatae wakiwa wameusikia. Hawa watu wamenicheka miaka hamsini na kitu kwa saksofoni ya mtu mwingine."

Nikamwambia aimbe zile beti mbili alizonazo. Hakutaka. Alisema suruali haina mguu mmoja.

Ndeshi akatafuta kwenye simu. Akampata punda haraka, ameandikwa "Wali Umezidi", na chini yake watu wamecheka kwa maandishi. Upande wa pili haukuwepo popote.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, simu ilikuja kutoka Arlington. Alikuwa Kiplagat, Mkenya, dereva wa malori makubwa, rafiki wa Majaliwa. Siku zake za mapumziko huwa anazunguka maduka ya vitu vya zamani. Alikuwa ametuma picha. Lebo nyekundu, imechubuka, lakini inasomeka: Mkonge Twist.

"Wazee wangu," alisema, "nimepata hii kitu Fort Worth, iko kwa ukuta ya mzee fulani. Anasema haiuzwi. Lakini kusikiza ni bure. Si mkuje?"

Jumamosi Ndeshi alitupakia.

"Baba, na wewe Baba Majaliwa," alisema, "mkitaka choo semeni mapema. Sita-stop kila exit."

Twalibu alivaa suti. Kutoka Pearland mpaka Dallas alisema jambo moja tu, kuwa ng'ombe wa huku wanene. Kiplagat alitungoja Arlington, akatangulia na gari lake.

Duka lilikuwa nyumba ndogo nyuma ya fundi matairi. Mwenyewe anaitwa Verlon, Mzungu wa umri wetu. Alikuwa na vifaa vya kusaidia kusikia, masikio yote mawili. Kila mtu na biashara yake.

Ukuta mzima ulikuwa na santuri ndogondogo. Ndeshi alitutafsiria. Huyu bwana anakusanya santuri za watu wa miaka ile, hasa wa Texas, walioimba mara moja. Wakasikika wilaya mbili tatu, wakarudi kazini kwao. Kulikuwa na mama aliyeimba ndani ya bomba la maji. Kulikuwa na madaktari wa meno wawili, ndugu, waliopiga ngoma kwa meno ya bandia. Ya Twalibu aliinunua zamani kwenye sanduku moja lililotoka Nairobi. Aliiweka hapo kwa sababu ya punda.

"Anasema uko na familia hapa," Kiplagat akamwambia Twalibu. "Hawa wote ni wajomba zako."

Verlon akatuwekea anayempenda kuliko wote. Mtu wa Corsicana, mji mdogo wa hukuhuku Texas, mwaka 1958. Gitaa lilianza, ngoma ikafuata, halafu yule mtu akalia kama bata mzinga. Alilia vizuri. Verlon akasema baadaye mtu huyo aliuza bima maisha yake yote, na kila mteja alimwomba bata mzinga kabla ya kutia sahihi. Mpaka hospitali, mwishoni, daktari alimwomba.

Twalibu hakucheka.

"Muulize," akamwambia Ndeshi, "upande wa pili kuna nini?"

Ndeshi akauliza. Verlon akaitazama santuri ile.

"Anasema hajawahi kuigeuza," Ndeshi akasema.

"Anayo tangu lini?"

"Tangu shule."

"Aigeuze."

Kiplagat akapiga mluzi. "Mzee, wewe ungekuwa polisi watu wangehama."

Verlon akaigeuza. Ukatoka wimbo wa taratibu. Gitaa moja tu. Yule yule wa bata mzinga, lakini sasa anaimba habari za barabara na mtu asiyerudi. Ndeshi aliacha kutafsiri. Yule mtu aliimba vizuri kuliko waimbaji wengi niliowahi kuwasikia. Ulipoisha, sindano iliendelea kukwaruza, na Verlon hakuinyanyua.

Halafu Ndeshi akamwomba "Wali Umezidi", naye akaitoa ya Twalibu. Akaiweka.

"Siyo huo," akasema Twalibu. "Mwambie ageuze."

Verlon akaonyesha lebo kwa kidole. Wali. Alikuwa ameuliza mtu, anajua wali maana yake nini. Ndeshi akamweleza kuwa lebo zilibandikwa kinyume, na huyu mzee ndiye aliyeimba. Verlon akaangalia lebo. Akamwangalia Twalibu, suti yake, viatu vyake. Akaangalia lebo tena. Akageuza.

Upande wa punda ulikuwa umekwanguliwa mpaka umekuwa wa kijivu. Upande wa pili ulikuwa unang'aa kama kiatu kipya.

Ngoma ilikuwa mbele ya wimbo kidogo, labda kwa ajili ya suruali. Kijana akaimba. Sauti ilikuwa nzuri, nyembamba, haina kovu.

*Wali umezidi, mke wangu, nimepima kwa kikombe chako.*

Nilitoka nje kuangalia gari. Gari lilikuwa salama. Nikarudi wakati wa ubeti wa tatu, ule uliopotea.

*Nimebisha kwa jirani, jirani kala, kashukuru. Sahani imerudi imeoshwa, sijui nimpe nani.*

Ukaisha. Tulimngoja Twalibu. Alikuwa amekaa, mikono magotini.

"Huyu kijana anaimba kama mtu aliyeshiba," akasema.

"Si ulikuwa umeshiba?" nikamwuliza.

"Hapo ndipo kilipo kilema."

Alisema maneno ni mazuri, kijana ndiye hajui anachosema. Anaimba sahani imerudi imeoshwa kama anaimba habari za mechi. Aliomba wauweke tena, akafuata ubeti wa tatu kwa midomo mpaka ukamkaa. Verlon, kwa jinsi alivyomwona, akaitoa santuri kwenye gramafoni, akaitia kwenye bahasha yake, akampa. Bure. Twalibu akamrudishia.

"Abaki nayo. Mwambie aandike majina sawasawa tu."

Verlon akatafuta kalamu, akaandika juu ya bahasha, Ndeshi akimtajia herufi. Tulipokuwa tunaondoka tulimwacha ameanza kugeuza wengine. Tulimsikia mama wa bomba mpaka barabarani.

Njiani Twalibu aliongea sana. Santuri haikuwa na maana tena, alisema. Wangeisikia hiyo watu wangesema heri punda, na wangekuwa na haki. Huu wimbo inabidi auimbe mwenyewe, sasa hivi, kwa koo hili alilonalo. Mkewe, yule wa vitunguu, alikufa Korogwe kabla yeye hajaja huku.

"Baba Majaliwa," Ndeshi akasema akiwa anaendesha, "wata-laugh."

"Wacheke. Mimi sijaomba wasicheke. Nimeomba wasikie."

Nafasi ilikuwa moja. Kila Desemba Watanzania wa Houston wanakodi ukumbi kwa sherehe ya Uhuru, na wanakuja wa Katy, wa Pearland, hata wa Dallas. Msema chochote, yule mwenye kipaza sauti, ni Leonce, mhasibu. Ni kijana mzuri ila anapenda saa. Alikuja gereji kupunguziwa suti, akiwa na ratiba yake.

"Mzee wangu, nimekuweka kama kawaida. Punda, kabla ya chakula. Dakika mbili."

"Mwaka huu naimba mbili," akasema Twalibu.

"Punda mara mbili?"

"Punda, na mwingine."

"Mwingine upi?"

"Utausikia."

Leonce alitazama ratiba. "Mzee, nakuheshimu. Lakini ukichelewesha pilau ya watu mia mbili mimi nitapigwa. Kama ni mwingine, mwakani."

Twalibu alikuwa ameshika suti yake na mkasi.

"Huu mkono nikate wapi?" akauliza.

Leonce akaangalia mkasi. "Mbili," akasema. "Lakini punda aanze. Na huo mwingine uwe mfupi."

Alifanya mazoezi jikoni kwetu, mimi nikipika. Aliimba, akala, akalalamika wali umekuwa bokoboko, akaimba tena. Siku nyingine sauti ilikatika katikati ya ubeti wa tatu. Alikaa kidogo na chai. Nilimwambia kama inakatika, ikatike. Akasema mimi ni fundi wa mashine za mkonge, nisimfundishe.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa mapema. Hotuba zilikuwa nyingi. Watoto walikimbia chini ya meza wakiitana kwa Kiingereza. Foleni ya chakula ilianza kujipanga kabla haijatangazwa, kama tulivyo. Kichwani mwa foleni alikuwa Dorothea wa Katy, mwenye dhamana ya pilau. Ni mama mkali. Amewahi kumwondoa balozi kwenye foleni akamrudisha nyuma. Alikuwa ameshika mwiko.

"Na sasa," akasema Leonce, "mnayemngoja!"

Walipiga makofi, wakapiga meza. Twalibu akapanda. Akarekebisha kofia. Akashika kipaza sauti, akavuta pumzi, ukumbi mzima ukavuta naye. Akaitoa.

"Punda wangu kazeeka," akasema. "Leo lieni nyinyi."

Wakadhani ni utani. Ulikuwa utani, lakini alikuwa anangoja. Akanyoosha mkono kwenye meza za mbele.

"Nyinyi Wanyamwezi hapo, mnajua mizigo. Anzeni."

Wakaanza. Manesi wakalia. Wahasibu wakalia. Mchungaji mmoja wa Kilutheri alilia kwa sauti ya chini, kama besi ya kwaya. Watoto, ambao hawajui Kiswahili, ndio waliolia vizuri zaidi. Mlinzi alifungua mlango, akachungulia, akaufunga. Twalibu aliwaongoza kwa mkono, meza kwa meza, na hakuwapa nafasi ya kupumua. Waliendelea mpaka wakaishiwa. Watu walikuwa wanajifuta machozi, wameinamia meza, hawana pumzi hata ya kuitana.

Hapo akaanza. Bila gitaa.

Ubeti wa kwanza walicheka. Walifikiri punda anakuja. Aliposema wali umezidi, mmoja akapiga kelele, "Ulete huku mzee!" Wakacheka tena, na Dorothea akaanza kupakua. Twalibu hakuongeza mwendo. Sauti yake ina mikwaruzo, inashuka pale isipotakiwa kushuka, na aliiacha ishuke. Ubeti wa pili vicheko vikabaki nyuma ya ukumbi. Kisha nyuma nako vikaisha. Kikombe kilipotajwa tena, niliangalia mezani. Palikuwa na chumvi. Nikaiangalia chumvi.

Ubeti wa tatu sauti ikakatika. Akangoja. Hakuna aliyemsaidia kwa makofi, na ninawashukuru. Ikarudi, akamalizia: sahani imerudi imeoshwa, sijui nimpe nani.

Akashuka. Leonce alikuwa ameshika kipaza sauti. Ratiba ilikuwa mfukoni. Makofi yalikuja baadaye, machache, halafu mengi, ya watu wasiojua kama wapige.

Twalibu akaja mezani kwangu. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Wamesikia?"

"Sijui," nikamwambia. "Mimi nilikuwa naangalia chumvi."

"Mzee, nimekuuliza jambo la maana."

Nikageuka nikaangalia foleni. Watu walikuwa wamesimama na sahani tupu, wamegeukia jukwaani. Dorothea alikuwa ameuinua mwiko, umejaa pilau, juu ya sahani ya mtu, na hajaumimina. Mwenye sahani naye hakuwa anaudai.

"Dorothea hajapakua," nikamwambia.

Twalibu akageuka akaangalia. Akaangalia vizuri, kama anapima mkono wa koti.

"Tangu lini?"

"Tangu ubeti wa pili."

Akakubali kwa kichwa. Akachukua sahani mbili, moja akanipa, tukaenda kushika foleni.